UCHAMBUZI: Kumtuliza mgonjwa kusihatarishe pumzi zake

Mgonjwa mwenye uvimbe shingoni au taya lisilofunguka huwaweka madaktari katika njia panda. Akipewa nusukaputi kamili, misuli ya koo hulegea na njia ya hewa huweza kuziba. Ndiyo sababu hutiwa mpira wa kupumulia akiwa macho, jambo linalotisha na kuchochea kikohozi.

Baadhi ya wataalamu humtuliza kwa gesi ya kuvuta kama vile sevoflureni. Faida yake ni kwamba huingia na kutoka kupitia mapafu. Ikifungwa, usingizi hupungua upesi. Hata hivyo, ikizidi, hatari iliyokuwa ikiepukwa hurejea.

Mwongozo wa wataalamu wa Uingereza wa mwaka 2019 ulisisitiza kuwa dawa ya kutuliza haiwezi kuchukua nafasi ya ganzi iliyopuliziwa kooni vyema. Aidha, ikiwezekana, anayetoa dawa hiyo asiwe yule anayeingiza mpira.

Pale ambapo mtaalamu wa nusukaputi hufanya kazi peke yake, sharti hilo ni gumu kutimiza. Hospitali inayopania kununua mashine ya gesi haina budi kuajiri kwanza mtu wa pili wa kumwangalia mgonjwa.