Mambo ya Nyumbani: Shitingi ikipasuka

Mvua ya Machi hadi Mei haimngoji mtu. Shitingi ya UNHCR, ile ya mita 4 kwa 5, ikipasuka kidole kimoja leo, upepo ukiishika usiku, asubuhi ni mita nzima.

Wengi tunakimbilia solusheni ya baiskeli. Hiyo ni ya mpira. Shitingi ni polithini, haishiki. Skochi ya ofisini nayo jua linaimaliza upesi. Mtu akienda Kigali, mtume dukani kwa vifaa vya ujenzi alete ule mkanda mnene wa gundi usiopitisha maji. Aseme ni wa turubai. (Ule wa lami ni wa mabati, asichanganye.)

Bandika mchana wa jua. Osha kwa sabuni, suuza, ngoja pakauke kabisa, maana vumbi na unyevu ndivyo vinavyoharibu kazi. Kiraka kipite mpasuko vidole vitatu kila upande, na pembe zake zikate ziwe mviringo. Pembe kali hunyanyuka. Sugua kwa nguvu toka katikati. Halafu bandika na upande wa pili! Jirani yangu mmoja aliona ni kupoteza mkanda, akaamka godoro la mtoto limelowa.

Jerikani ya kufulia nayo inazibika hivyo hivyo ikiwa kavu. Ya maji ya kunywa, hapana, gundi hiyo si ya chakula. Na karibu na mbabula usibandike, joto linailegeza.