Punda Anayerusha Mateke

Msomaji wa Dagoretti Corner, mwenye mkokoteni, anauliza afanyeje punda wake mpya akubali kuvishwa hatamu. Kila akimkaribia anarushiwa teke. Weka kiboko chini, bwana! Kinamzidishia woga tu. Kata karoti vipande vidogo. Simama karibu na bega lake, usisimame nyuma, umguse shingoni. Akitulia, tamka "vyema" umpe kipande papo hapo. Ukichelewa atadhani amelipwa kwa kutikisa kichwa. Siku zifuatazo sogeza mkono hadi sikioni, kisha mwonyeshe hatamu. Dakika 10 zatosha. Akianza kukupekua mifuko, karoti iwe kwenye karai. Meno yake hayachagui kidole. Hata farasi, kama wale wa mbio hapo Ngong Road, hufunzika hivyo. Lakini kwanza daktari wa mifugo amtazame: huenda ana kidonda.