Shahidi wa pazia na shahidi wa mwembeni

Makamanda, tangu Agosti 2025, Mahakama Kuu iliporuhusu mashahidi raia wa upande wa Jamhuri wafichwe utambulisho katika kesi ya uhaini ya Tundu Lissu, vijiweni ni stori hiyo tu. Hasira naielewa. Ila tusifike mahali pa kusema kumlinda shahidi ni kitu kibaya. Sisi ndio tunaouhitaji ulinzi huo kuliko wote.

Chukueni kesi ya hapa kwetu. Januari 2022 kijana mfanyabiashara wa madini kutoka Nachingwea aliuawa mikononi mwa polisi Mtwara. Askari saba wakashtakiwa. Juni 2025 Mahakama Kuu ikawatia hatiani wawili na kuwahukumu kunyongwa, watano wakaachiwa. (Adhabu ya kifo siiungi mkono, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.) Miaka mitatu na zaidi! Hebu fikiria kuwa shahidi wa kesi ya namna hiyo muda wote huo, huku kila siku unapishana barabarani na askari wenzao.

Sheria yenyewe inamheshimu shahidi. Mwaka 2006, katika rufaa ya Goodluck Kyando, Mahakama ya Rufani ilisema kila shahidi anastahili kuaminiwa, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kutomwamini. Sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi nayo tunayo tangu 2015.

Sasa njooni kwa shangazi yangu wa Msimbati. Msimu wa korosho aliitwa kutoa ushahidi kesi ya wizi. Siku ya kwanza, hakimu kasafiri. Ya pili, jalada halionekani. Ya tatu akakaa chini ya mwembe hadi saa nane, maana shahidi haruhusiwi kusikiliza wenzake kabla ya zamu yake, halafu kesi ikaahirishwa. Nauli zote katoa yeye. Mara ya nne hakwenda. "Mwanangu, korosho zangu ataniokotea nani?" Mshtakiwa yuko mtaani.

Shangazi hakuhitaji pazia. Alihitaji nauli, na simu ya kumwambia leo usije. Pazia wapewe kwanza wanaotoa ushahidi dhidi ya wenye bunduki, na mshtakiwa abaki na haki yake yote ya kuwadodosa.

Wakati tunalidai hilo, jirani akipata samansi, vijana wa kata mpigieni karani kuulizia kama kesi ipo, kisha msindikizeni. Cha kusema msimfundishe.