Tairi la baiskeli na riziki ya Mombasa bara

Kabla jua halijapanda, njia za ndani za Kisauni, Likoni na Changamwe huwa zimekwisha kujaa baiskeli zilizobeba mitungi ya maji, mikate, samaki na makaa. Pikipiki zilipoenea mwishoni mwa miaka ya 2000, baada ya serikali kuziondolea zile ndogo kodi ya ongezeko la thamani, ziliwapokonya waendesha baiskeli abiria wengi. Mzigo wa mtaani, hata hivyo, haukutoweka, na baiskeli bado imo kazini.

Mitungi minne ya lita 20 ina uzito wa kilo 80, bila kuhesabu mwendeshaji wala chombo chenyewe. Uzito wote huo hukaa juu ya vipande viwili vya mpira vinavyogusa ardhi, kila kimoja kidogo kuliko kiganja cha mkono. Tairi likipasuka njiani, mchuuzi wa maji hupoteza safari, mteja, na pengine pato la siku nzima. Kwa sababu hiyo, suala la tairi lipi linunuliwe na lifungwe vipi si jambo dogo la mafundi peke yao. Ni suala la riziki.

Watu wa pwani husema rahisi inavunja upishi. Methali hiyo inawahusu wanunuzi wengi wa matairi, ambao dukani huuliza bei kwanza na huenda wasiulize jambo la pili. Wanaoifahamu kazi hii huanza na ardhi, kisha mzigo, kisha kipimo, na bei huja mwisho.

Mfano mzuri wa hesabu hiyo umo katika mchezo ambao wachuuzi wa Likoni hawana haja ya kuushiriki: mbio za baiskeli katika barabara za changarawe. Nchini Kenya mbio hizo zilipata sura mpya mwaka 2021, mashindano ya Migration Gravel Race yalipofanyika kwa mara ya kwanza Maasai Mara. Mmoja wa nyota wake, Suleiman Kangangi, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka akishindana jimboni Vermont, Marekani. Mwaka huo huo, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, UCI, liliandaa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa changarawe nchini Italia.

Katika mbio za changarawe, na zile za matopeni ambako UCI hairuhusu tairi kuzidi upana wa milimita 33, baadhi ya washindani hutumia matairi yaliyotengenezwa kwa mkono. Kitambaa chake hufumwa kwa nyuzi nyembamba za pamba zilizosongamana, na mpira wa juu hubandikwa kwa gundi badala ya kuokwa pamoja na kitambaa kwenye mashine yenye joto kali. Tairi hilo huwa laini na huinama likipita juu ya jiwe. Tairi gumu lililojazwa upepo kupita kiasi huruka juu ya kila jiwe, na nguvu za mwendeshaji hupotea katika mtikisiko huo.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kumshauri mchuuzi wa Mtongwe anunue tairi la namna hiyo. Bei yake yaweza kupita dola 100, mbavu zake ni nyembamba, na halikukusudiwa kubeba kilo 80 za maji. Aina nyingine ya matairi hayo hushonwa kuzunguka mpira wa ndani na kugundishwa kwenye rimu ya pekee, kazi inayohitaji matabaka kadhaa ya gundi na muda mrefu wa kukauka. Kinachofaa kuigwa ni busara ya kuchagua: ardhi mbovu inataka tairi pana lenye upepo wa kadiri, na mzigo mzito unataka kitambaa imara.

Ardhi ya Mombasa bara nayo haifanani. Ukiiacha lami katika sehemu nyingi za Kisauni na Likoni, utakuta mchanga na mawe makali ya matumbawe. Mchanga hudai upana, na mawe hudai mbavu nene. Kando ya barabara za Changamwe zinazopitwa na malori ya bandarini, adui mkubwa ni vipande vya waya kutoka matairi ya malori yaliyochakaa. Huko unene wa mpira wa juu una faida kuliko ulaini.

Jambo linalowaponza wengi ni kipimo. Tairi la baiskeli kubwa ya mzigo, maarufu kama Black Mamba, huandikwa 28 kwa 1½, na mdomo wake una kipenyo cha milimita 635. Baiskeli nyingi za mitumba kutoka Ulaya hutumia tairi la milimita 622, ambalo pia huweza kuandikwa 28. Mawili hayo hayabadilishani, na kulilazimisha moja mahali pa jingine ni kutafuta ajali. Namba ya kuaminika ni ile ya milimita iliyochapwa ubavuni, mfano 40-635: ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo.

Kufunga tairi nako kuna utaratibu wake. Tairi la zamani hupapaswa ndani kwa kitambaa ili mwiba usibaki. Ukanda wa rimu hukaguliwa usije ukaacha ncha ya spoku wazi. Mpira wa ndani hutiwa upepo kidogo kabla ya kuingizwa, ili usijikunje. Mdomo wa tairi humaliziwa kwa vidole upande wa valvu, kwa kuwa chuma hubana mpira na kuutoboa. Mwisho, gurudumu huzungushwa kuthibitisha kwamba tairi limekaa sawa pande zote. Tairi la nyuma, linalobeba sehemu kubwa ya mzigo, lipewe upepo zaidi ya lile la mbele, lakini lisipite kiwango kilichoandikwa ubavuni.

Mafundi wa mitaani wana kazi yao ya mkono pia. Hushona ubavu uliochanika kwa uzi wa nailoni na kutia ndani kipande cha tairi kuukuu. Ustadi huo huokoa siku nyingi za kazi, lakini una mpaka: tairi lililoshonwa halifai tena gurudumu la nyuma la baiskeli ya mzigo.

Mzigo huu hauwezi kuachiwa mchuuzi na fundi pekee. Wauzaji wana wajibu wa kumwonyesha mnunuzi namba ya milimita kabla ya kupokea pesa. Shirika la kukagua ubora wa bidhaa, KEBS, lina wajibu wa kuhakikisha kinachoandikwa ubavuni ni kweli. Nazo mamlaka za barabara, za kaunti na za taifa, zinapaswa kufagia waya na misumari kandokando ya lami, kwa maana huko ndiko baiskeli inakosukumwa na magari. Fundi akiwa na kipimo cha upepo, mteja akijua namba yake, na ukingo wa barabara ukiwa safi, mitungi minne itafika kwa mteja bila pancha.