Desemba inapowadia, mbwa wa Ruiru na Thika waachiwe nani?

KATIKA Katiba ambayo Wakenya waliipitisha mnamo Agosti 2010, limo neno ambalo wengi hawatarajii kulikuta humo: mbwa. Jedwali la Nne, linalogawa majukumu baina ya Serikali ya Kitaifa na zile za kaunti, linazikabidhi kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, ukiwemo utoaji wa leseni za mbwa, pamoja na mahali pa kuwapa wanyama makazi, kuwatunza na kuwazika.

Yamkini kuna watakaocheka. Lakini yeyote aliyewahi kubaki Ruiru au Thika wiki ya Krismasi, majirani wakiwa wametawanyika kuelekea Kisii, Meru, Kakamega na Mombasa, anajua kwamba waandishi wa kifungu hicho hawakuwa wakifanya mzaha. Nyumba huwa kimya, milango imefungwa kwa kufuli, na kinachosikika usiku kucha ni sauti za mbwa walioachwa nyuma.

Miji hii miwili ya Kaunti ya Kiambu imepanuka kwa kasi kubwa, hasa tangu barabara kuu ya Thika ilipozinduliwa rasmi mnamo Novemba 2012. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru na 251,407 mjini Thika. Wengi wao ni watu waliojenga au kupanga katika mitaa kama Membley na Ngoingwa, wakafuga mbwa kwa ajili ya ulinzi, ilhali kwao hasa ni mbali. Mwisho wa mwaka ukifika, mwenye nyumba huenda kwao. Swali la mbwa huulizwa usiku wa kuamkia safari, mizigo ikiwa tayari mlangoni.

Jibu la kawaida ni mnyororo. Mbwa hufungwa karibu na lango, bawabu huachiwa gunia la unga na pesa kidogo za dagaa, na familia huondoka kwa wiki mbili. Bawabu naye ana kwao. Aghalabu hata yeye huenda kula Krismasi na jamaa zake, na mbwa akasahaulika.

Wanaofanya hivyo hawajui kwamba wanavunja sheria. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inaharamisha kumnyima mnyama chakula na maji, kumfunga kwa muda usiofaa au kwa mnyororo mfupi kupita kiasi, na kumtelekeza, hata ikiwa ni kwa muda tu, katika hali inayoweza kumletea mateso. Sheria hiyo haina msamaha maalum wa sikukuu.

Wapo wanaochagua kusafiri naye. Asiye na gari hugundua upesi kwamba ni makanga wachache watakaomruhusu mbwa kupanda matatu, na haki yao kwa kiasi fulani, kwani wapo abiria wanaomwogopa mbwa na wengine ambao dini yao inawataka waepuke mate yake. Hata hivyo, kinaya ni kwamba mwezi Januari magari hayo hayo hurudi mjini yakiwa na kuku na jogoo chini ya viti, na hakuna anayeuliza swali.

Mwenye gari hukabiliwa na hatari nyingine, nayo ni joto. Mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu. Hujipoza kwa kuhema. Siku ambayo hewa ya nje ni nyuzi 24 tu, ndani ya gari lililofungwa madirisha juani joto huweza kufikia nyuzi 34 kwa dakika 10. Familia inayoelekea Mombasa ikisimama Mtito Andei kula chakula cha mchana na kumwacha mbwa garini, haihitaji saa nzima kumpoteza.

Hayo yote ni mateso ya mbwa. Suala zito zaidi ni la binadamu, nalo ni kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu ulithibitishwa nchini kwa mara ya kwanza mnamo 1912, viungani mwa Nairobi. Mkakati wa kitaifa wa kuutokomeza, unaokusudia kumaliza vifo vya binadamu kufikia 2030, ulikadiria kwamba Wakenya wapatao 2,000 hufariki kila mwaka. Takriban visa vyote vya binadamu hutokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza, tiba ni kama haipo. Watoto ndio huumia zaidi, na Desemba ndio mwezi ambao watoto wako nje kutwa nzima, katika boma wasilolizoea, wakicheza na mbwa wasiowajua.

Mbwa aliyeambukizwa anaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, bila kuonyesha dalili yoyote. Kwa hivyo anayepakiwa Ruiru akiwa mchangamfu, anaweza kuugulia mashambani miongoni mwa mbwa ambao hawajawahi kuona sindano. Kinyume chake pia ni kweli: kijana anayemrudisha mjini mtoto wa mbwa aliyezawadiwa na babu hajui amebeba nini.

Majirani zetu wa Tanzania wana funzo la kutosha. Kisiwani Pemba, kampeni za chanjo zilikuwa zimeukatiza ugonjwa huu kufikia 2014. Mnamo 2016 ukarejea. Watafiti walipochunguza vinasaba vya virusi, walibaini kwamba ulikuwa umeingizwa kutoka bara, tena mara mbili tofauti. Bahari yenyewe haikutosha kuuzuia, maana mbwa huvushwa na watu. Iliwabidi kuchanja upya hadi ukakomeshwa tena kufikia 2018. Kati ya Thika na Kisumu hakuna bahari.

Kinga ipo, ila inataka mipango. Mbwa anayechanjwa kwa mara ya kwanza huhitaji takriban majuma matatu kabla ya kuhesabiwa kuwa amekingwa. Anayetarajia kusafiri Desemba 20 na kumwita daktari wa mifugo Desemba 18 amepata kadi, bali hajapata kinga. Anapaswa kuwa amechanja kabla ya mwisho wa Novemba. Na anayeumwa na mbwa, awe mjini au mashambani, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Wanaoazimia kumpeleka mbwa mbugani badala ya mashambani wasijisumbue. Mbuga ya Ol Donyo Sabuk, mwendo mfupi kutoka Thika, haimruhusu, sawa na mbuga nyingine za kitaifa. Marufuku hiyo si ubabe wa maaskari wa langoni. Mnamo 1994, ugonjwa wa distempa uliohusishwa na mbwa wa vijijini uliua simba wapatao 1,000 wa Serengeti, yaani theluthi moja hivi, na ukavuka hadi Maasai Mara. Anayetaka tu kutembea na mbwa wake bora aende Msitu wa Karura, ambako huruhusiwa mradi amefungwa kamba.

Mataifa ya ng'ambo yanajua hatari hii, na Mkenya anayehamia huko na mbwa wake huifahamu kwa njia ngumu. Muungano wa Ulaya humtaka mbwa kutoka Kenya awe na kidude cha utambulisho chini ya ngozi, apimwe damu kuthibitisha kwamba chanjo imefanya kazi, kisha angoje miezi mitatu. Marekani, ambayo imeiorodhesha Kenya miongoni mwa nchi zenye hatari kubwa, ilikaza masharti yake mnamo Agosti 2024. Huku nyumbani mbwa anaweza kuvuka kaunti tano bila mtu yeyote kuuliza kadi yake iko wapi.

Sidai kwamba polisi waanze kusimamisha magari barabarani wakitafuta mbwa. Tunajua vizuizi vyetu huishia wapi. Lakini huduma za mifugo zimekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013, na leseni ya mbwa imo katika Katiba. Mwananchi anayetozwa ada ya leseni ana haki ya kuuliza anapata nini. Kwa mkazi wa Ruiru jibu la maana lingekuwa mambo mawili: chanjo iliyo karibu naye kwa wakati ufaao, na mahali safi pa kumwacha mbwa kwa ada nafuu anaposafiri. La pili linahitaji ardhi na bajeti, na huenda likachukua miaka. Vituo vya watu binafsi vipo, ila si kila mwenye mbwa anayevimudu.

La kwanza halihitaji jengo. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa kila Septemba 28. Maafisa wa mifugo wakianzia hapo na kuendelea hadi mwisho wa Oktoba, mtaa kwa mtaa, Kihunguro Jumamosi hii na Makongeni Jumamosi ijayo, mbwa wa miji hii miwili watakuwa wamekingwa kabla ya basi la kwanza la Krismasi kujaa abiria.