Taa ya ABS Isipozimika: Usiizibe, Pima Waya



Mchimbaji mwenye akili haanzi kazi shimoni kabla ya kugonga mwamba wa juu kwa mtaimbo. Anagonga, anasikiliza. Mwamba ukitoa sauti ya utupu, anaangusha kwanza mawe yaliyolegea. Hakuna anayeziba masikio asisikie sauti ile. Basi mbona mtu huyohuyo, akinunua motokari, anabandika karatasi juu ya taa ya ABS asiione?

Jambo hili linaonekana hapa Bunia. Gari limetumika ng'ambo, likapitia Uganda, likafika kwetu na taa ya manjano inawaka. Fundi mmoja anatoa balbu. Mwingine anasema, «Hiyo ni sensa, leta dolari.» Sensa mpya inafungwa, na taa inawaka vilevile. Rafiki yetu mmoja alilipa hivyo mara mbili. Mwishoni ugonjwa ulionekana katika waya uliosuguliwa na chuma karibu na gurudumu, shaba yake imeoza na kuwa kijani. Dawa yake ilikuwa kipande cha waya na kazi ya nusu saa.

Maoni yetu ni haya: taa isizibwe, na sensa isinunuliwe kabla ya kupima.

ABS ni nini? Ni mtambo wa kuzuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki kwa nguvu. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutoa mwaka 1978 katika magari ya Mercedes-Benz, na leo magari mengi yanao. Karibu na gurudumu kuna sensa inayosoma mwendo wake, mara nyingi kwa kuhesabu meno ya pete ya chuma. Habari inapita katika waya mpaka kwenye kompyuta ndogo. Gurudumu likitaka kujifunga, kompyuta inalegeza breki yake na kuikaza tena, mara nyingi katika sekunde moja. Hivyo usukani unaendelea kukutii.

Wako wanaosema, «Barabara zetu ni za udongo, ABS ya nini?» Hawakukosa kabisa. Juu ya changarawe, gari lenye ABS linaweza kuchukua nafasi ndefu zaidi kusimama. Lakini fikiri njia ya Bunia kwenda Kasenyi. Ukipita Bogoro unashuka zaidi ya mita 500 mpaka Ziwa Albert. Mvua imenyesha, kona iko mbele, na lori limesimama katikati. Magurudumu ya mbele yakijifunga, hata ukizungusha usukani, gari linakwenda moja kwa moja bondeni. Ndani yake wamo mama waliokwenda kununua samaki, na watoto. Hapo ndipo ABS inalipa deni lake.

Ujue pia maana ya taa. Ukifungua kontakti, taa ya ABS inawaka kidogo, kisha inazimika. Isipowaka kabisa, huenda mtu ametoa balbu. Ikibaki inawaka, breki za kawaida kwa desturi zinafanya kazi, lakini magurudumu yanaweza kujifunga: punguza mwendo, acha nafasi kubwa, nenda garaji. Lakini taa nyekundu ya breki ikiwaka nayo wakati breki ya mkono imeachiliwa, simama. Pengine mafuta ya breki yamepungua. Usishuke nalo mlima.

Sasa, fundi afuate utaratibu huu, nawe mwenye gari usimame umwangalie:

1. Batri kwanza. Injini ikizunguka, kipimo kiwe karibu volti 14. Batri dhaifu au kichwa chake kilicholegea huweza kuwasha taa bila kosa lingine. Kagua pia waya wa masi.

2. Fyuzi za ABS. Zipimwe, zisitazamwe kwa macho tu. Iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zilezile. Ukiweka kipande cha waya, unaalika moto.

3. Kusoma namba ya kosa. Vyombo vingine vya bei ndogo vinasoma injini peke yake. Tafuta kinachosoma ABS. Namba inataja njia ya umeme ya gurudumu fulani; haisemi kwamba sensa imekufa. Kushoto na kulia huhesabiwa kwa mtu aliyeketi akitazama mbele. Angalia sana hapo, maana magari mengi ya kwetu yana usukani kulia.

4. Gurudumu lenyewe. Weka kabari nyuma ya magurudumu mengine, na usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Safisha matope na unga wa chuma. Tazama meno ya pete. Fuata waya mpaka mwisho, hasa mahali unapojikunja usukani ukizungushwa.

5. Kupima. Funga kontakti, chomoa plagi ya sensa. Sensa ya zamani yenye sumaku na koili mara nyingi inatoa omu 1,000 hivi, au zaidi. Ilinganishe na ya upande wa pili. Kipimo kisipoonyesha njia yoyote, waya umekatika. Kikionyesha sufuri, nyaya zimegusana. Sensa za kisasa zinazopewa umeme na kompyuta hazipimwi kwa omu: pima kama umeme unafika kwenye plagi, kisha soma mwendo wa gurudumu katika chombo.

6. Baada ya kutengeneza, futa namba na ujaribu gari polepole mahali tambarare, pasipo watu. Taa ikizimika na kubaki imezimika, kazi imekwisha.

Ndugu, mshahara unatoka kwa jasho. Ukiambiwa ununue sensa, uliza swali moja: «Umepima?» Kama hajapima, ngoja.

Nawe mama wa nyumba, unapopanda gari, tazama taa mbele ya dereva. Ukiona karatasi imebandikwa pale, uliza kuna nini chini yake. Si aibu kuuliza. Mzee wa shimoni anayegonga mwamba kila asubuhi hajaitwa mwoga, na jioni anarudi nyumbani.