Ioni Zinazopoza Nazo Zihesabiwe

Makampuni na mataifa makubwa yanashindana kutangaza idadi ya kyubiti zilizomo katika kompyuta zao za kwantamu, yaani chembe zinazohifadhi habari za hesabu. Mnamo Novemba 2025, kampuni ya Quantinuum ilitangaza mashine iitwayo Helios, yenye kyubiti 98 za ioni za bariamu. Idadi hiyo ni ya kweli, lakini haielezi ukweli wote. Ndani ya mashine hiyo zimo pia ioni za itebiamu ambazo hazimo katika hesabu hiyo, na ambazo bila kazi yake mashine haiwezi kutegemewa.

Sababu yake ni wazi. Ioni ni atomi yenye chaji, nayo huzuiwa ndani ya ombwe kwa nguvu za umeme. Ikihamishwa hupata joto, yaani hutikisika, na mtikisiko huo huleta makosa. Dawa yake ni kuipoza kwa leza. Lakini mwanga huo ukiigusa ioni yenye habari, habari huharibika. Ndipo zinapohitajika ioni za aina mbili. Kila elementi huitikia mwanga wa rangi yake. Mwanga unaopoza itebiamu hauisumbui bariamu. Na kwa kuwa ioni husukumana, moja ikitulia hutuliza jirani yake, na habari husalimika.

Maarifa hayo hayakuzaliwa sokoni. Mwaka 1978, David Wineland na wenzake katika maabara ya vipimo ya serikali ya Marekani, mjini Boulder, walipoza ioni za magnesiamu kwa leza. Mwaka 1986 maabara hiyo ilipoza ioni za zebaki kwa msaada wa ioni za beriliamu. Shabaha ilikuwa vipimo na saa zilizo sahihi zaidi, wala si biashara. Ilipofika mwaka 2015, ndipo beriliamu na magnesiamu zilipounganishwa huko katika hesabu moja ya kwantamu.

Hapana budi basi jambo hili lizingatiwe na kila anayepanga bajeti na kila anayefundisha sayansi. Serikali inayodai faida ya utafiti kila mwisho wa mwaka ingalikwisha kuifunga maabara ile zamani. Mtafiti asiye na bidhaa ya kuuza ni kama ioni inayopoza: hatajwi katika matangazo, lakini akiondolewa, kazi yote huharibika.